Kamera na urambazaji katika EVE Online

EVE Online ni mchezo wa kompyuta unaochezwa kwa njia ya intaneti na maelfu ya watu kwa wakati mmoja. Ulitengenezwa na kampuni ya CCP Games ya Reykjavík, Iceland, na ulitolewa tarehe 6 Mei 2003. Wachezaji huendesha vyombo vya angani katika ulimwengu wa kubuni wenye mifumo ya nyota zaidi ya 7,000. Humo huchimba madini, hufanya biashara, husafirisha mizigo na hupigana.

Makala hii inahusu mbinu za kutumia kamera na kuongoza chombo kwa usahihi katika mchezo huo.

Umuhimu wake

Katika michezo mingi, mchezaji anayeshindwa huanza upya bila hasara kubwa. Katika EVE Online chombo kilichoharibiwa hakirudi. Baadhi ya vifaa na mizigo huteketea pamoja nacho, na kinachobaki huweza kuchukuliwa na adui. Bima hulipa sehemu tu ya thamani. Kwa hiyo mtu anaweza kupoteza kazi ya wiki nyingi kwa dakika moja.

Kila mfumo wa nyota una kiwango cha usalama. Katika mifumo ya kiwango cha 0.5 hadi 1.0, kikosi cha ulinzi kiitwacho CONCORD humwadhibu anayeshambulia wengine kinyume cha sheria za mchezo. Hata hivyo, adhabu hiyo huja baada ya shambulio, wala haimrudishii mwathiriwa chombo chake. Chini ya 0.5 ulinzi huo haupo. Huko kinga kubwa ya nahodha ni kujua yuko wapi, nani yuko karibu, na atoke kwa njia gani.

Kamera na chombo

Jambo la kwanza ambalo mgeni hulazimika kulielewa ni kwamba kamera na chombo ni vitu viwili tofauti. Kwa kawaida kamera hukizunguka chombo kutoka nje. Mchezaji akiburuta kipanya, kamera hugeuka, lakini omo ya chombo hubaki ilikoelekea. Akizungusha gurudumu la kipanya, picha husogea karibu au mbali. Anaweza pia kuiamuru kamera ikitazame kitu kingine, au ikifuate kitu kinachokwenda ili kibaki katikati ya skrini.

Utengano huu una faida. Chombo kinapotoka katika lango la nyota na kuingia mfumo mwingine, huwa hakionekani kwa muda wa hadi dakika moja, mradi kisisogezwe. Kugeuza kamera si kusogeza chombo. Kwa hiyo nahodha anaweza kutazama pande zote, kuwahesabu wanaomvizia na kuchagua njia kabla hawajamwona.

Ingawa kamera haisogezi chombo, inaamua mambo mawili makubwa: upande ambao skana ya mwelekeo itachunguza, na upande ambao chombo kitakwenda mchezaji anapobofya mara mbili penye nafasi tupu. Mtu asiyejua kamera yake inatazama wapi hawezi kutumia vizuri chochote kati ya hivyo viwili.

Mruko

Ndani ya mfumo mmoja, vyombo husafiri masafa marefu kwa mruko, yaani safari inayopita kasi ya nuru. Mruko una masharti yake. Mahali paendwapo lazima pawe umbali wa kilomita 150 au zaidi. Chombo lazima kielekee huko, na kifikie asilimia 75 ya kasi yake ya juu. Chombo kikubwa hugeuka polepole, na ni katika sekunde hizo za kugeuka ndipo adui hupata nafasi ya kukikamata.

Kwa sababu hiyo nahodha mwangalifu hukielekeza chombo mapema. Anapochimba madini mahali pa hatari, hukiacha kikisogea kuelekea kituo au mahali pa kujificha. Adui akitokea, chombo huwa tayari kimeelekea na kina kasi, hivyo huruka mara moja.

Alamisho

Alamisho ni kumbukumbu ya mahali fulani angani ambayo mchezaji huihifadhi ili aweze kurudi hapo. Sayari za mchezo huu hazizunguki jua lao kama sayari za kweli. Kwa hiyo alamisho hubaki sahihi kwa miaka.

Katika miaka ya mwanzo, chombo hakikuweza kuruka na kutua kwenye lango lenyewe. Kilitua kilomita 15 kabla yake na kumalizia mwendo polepole. Wachezaji walibuni ujanja: waliweka alamisho kilomita 15 nyuma ya lango, kwenye mstari uleule wa safari. Chombo kilichoamriwa kutua kilomita 15 kabla ya alamisho kilitua langoni hasa. Alamisho za namna hiyo ziliongezeka hata zikaelemea seva, na baadaye watengenezaji waliruhusu kutua kwenye lango moja kwa moja.

Alamisho bado hutumika kwa njia mbili muhimu:

1. Mahali pa kujificha. Mchezaji huanza mruko kutoka sayari moja kwenda nyingine, na akiwa katikati ya safari huhifadhi mahali alipo. Alamisho hiyo iko kwenye mstari unaounganisha sayari hizo mbili, hivyo mtu mwingine anaweza kuikaribia. Ili kuwa salama zaidi, huruka kutoka hapo kwenda sayari ya tatu na kuhifadhi alamisho ya pili njiani. Hii huwa nje ya njia za kawaida.

2. Mahali pa kutokea kituoni. Chombo kinachotoka kituoni huwa tayari kina kasi na kimeelekea mbele. Alamisho iliyowekwa mbele yake, zaidi ya kilomita 150, hukiwezesha kuruka bila kugeuka.

Skana ya mwelekeo

Skana ya mwelekeo huorodhesha vitu vilivyo ndani ya umbali wa takriban vizio astronomia 14.3 (AU) kutoka kwenye chombo. AU 1 ni takriban kilomita milioni 149.6. Mchezaji huchagua umbali, na pia pembe kuanzia nyuzi 5 hadi 360. Kwa nyuzi 360 skana huchunguza pande zote. Kwa pembe ndogo huchunguza umbo la koni ambalo ncha yake ipo kwenye chombo, nalo huelekea kamera inakotazama.

Tuchukue mfano. Nahodha anaanza na nyuzi 360 na umbali wote, naye anaona chombo cha adui katika orodha. Anapunguza umbali hadi AU 7, bado kipo. Anapunguza hadi AU 3, kinatoweka. Basi adui yuko kati ya AU 3 na AU 7. Katika masafa hayo kuna sayari mbili. Anaelekeza kamera kwenye ya kwanza, anaweka nyuzi 5, na hapati kitu. Anaelekeza kwenye ya pili, na chombo kinaonekana tena. Sasa anajua pa kwenda, au pa kukwepa, bila yeye mwenyewe kusogea.

Hata pembe ndogo ina upana wake. Koni ya nyuzi 5, kwa umbali wa AU 10, ina upana wa takriban kilomita milioni 130. Ndiyo maana pembe na umbali hutumiwa pamoja.

Kuongoza kwa mkono

Mchezo una amri za kukaribia kitu, kukizunguka, au kukaa umbali fulani kutoka kwake. Amri hizo ni rahisi, lakini mpinzani huweza kuzitabiri. Mizinga hupata shida kulenga kitu kinachokatiza haraka mbele yake, na hupiga kwa urahisi kitu kinachokuja moja kwa moja. Kwa hiyo rubani wa chombo kidogo humweka adui katikati ya skrini, kisha hubofya mara mbili pembeni mwake, na kurudia tena na tena. Chombo hukaribia kwa njia ya mzunguko badala ya mstari ulionyooka.

Vipimaanga

Vipimaanga hutumwa kutafuta vitu vilivyofichika. Mchezaji huvipanga juu ya ramani yenye pande tatu, hali skrini yake ni bapa. Kitu kinachoonekana kimelingana na vipimaanga kikitazamwa kutoka juu kinaweza kuwa chini sana kikitazamwa kutoka ubavuni. Kanuni ni kupanga kwanza kwa kutazama kutoka juu, kugeuza kamera hadi ubavuni, kurekebisha kimo, kisha kupunguza eneo la utafutaji. Ishara ikifika asilimia 100, mruko huwezekana.

Mipaka ya mbinu hizi

Mahali pa kujificha si ngome. Adui mwenye vipimaanga vya kivita anaweza kumpata aliyejificha, lakini vipimaanga hivyo huonekana kwenye skana ya mwelekeo. Kwa hiyo aliyejificha huendelea kuchunguza, na akiviona vikikaribia huhamia alamisho nyingine. Chombo chenye kifaa cha kutoonekana, kifaa hicho kikiwashwa, hakionekani kwenye skana hata kidogo. Aidha, katika mifumo mingi orodha ya marubani waliomo huonyeshwa kwa wote, lakini katika mifumo isiyo na malango, iliyoongezwa mwaka 2009, jina la mtu halionekani mpaka aandike ujumbe. Huko skana tupu haina maana kwamba mfumo hauna mtu.