Oili Iliyong'oa Kizibo

Fundi akifungua difu ya lori pale Butimba, Mwanza, kando ya barabara ya Shinyanga, kinachotangulia ni harufu kali ya kiberiti. Ni salfa iliyochanganywa kwenye oili ya gia, na imewekwa kwa sababu ya presha.

Presha inayojijenga ndani ya oili iligunduliwa kwa bahati mwaka 1883. Mhandisi Mwingereza Beauchamp Tower alikuwa akipima msuguano wa ekseli ya treni, akatoboa tundu juu ya beringi ili atie oili. Ekseli ilipozunguka, oili ikapanda badala ya kushuka. Akaziba tundu kwa koki, ikang'oka. Akagongomea kizibo cha mti, nacho kikasukumwa nje. Alipofunga geji, mshale ukavuka paundi 200 kwa inchi ya mraba, zaidi ya mara mbili ya mzigo wa wastani.

Mwaka 1886 Osborne Reynolds akaeleza kwa hesabu: ekseli huburuta oili hadi kwenye mwanya mwembamba, nayo ikibanwa huibeba ekseli, chuma kisiguse chuma.

Gia zilikataa hesabu hiyo. Kwa mujibu wake meno yalipaswa kukwaruzana, lakini yalidumu miaka. Sababu mojawapo ni kwamba oili ikibanwa huzidi kuwa nzito, yaani kuwa ngumu kutiririka, na kati ya jino na jino presha huweza kupita angahewa 10,000. Hapo oili hukaribia kuganda. Mwaka 1920 J. H. Hyde alionyesha kwamba mafuta ya madini yakibanwa huongezeka uzito haraka kuliko ya mimea na wanyama. Lakini haya ya pili hung'ang'ania chuma. Ndiyo maana enzi za meli za mvuke kama Usoga na Rusinga katika Ziwa Victoria, oili ya silinda kwa kawaida ilikuwa ya madini iliyotiwa shahamu.

Kuchanganya kunataka elimu, si makadirio. Mswidi Svante Arrhenius alitoa kanuni mwaka 1887: ukichanganya nusu kwa nusu oili ya uzito 1,000 na ya uzito 10, hupati 505, unapata karibu 100. Nyepesi hutawala. Kwa hiyo anayejazia difu kwa oili nyepesi ya injini anapoteza uzito mwingi kuliko anavyodhani, na salfa inapungua, huku meno yakibanana kwa nguvu ileile.