Jiwe la Maimuna

Kisiwa cha Gozo, ambacho wenyeji hukiita Għawdex, kimo katika Bahari ya Mediterania, kaskazini-magharibi ya Malta. Eneo lake ni kilomita za mraba 67 tu. Wageni huvuka kwa feri, mwendo wa dakika 25 hivi, kwenda kuyaona mahekalu ya Ġgantija yaliyojengwa kwa majabali zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Hushuka pia ufukwe wa Ramla, ambao juu yake lipo pango linalosimuliwa kuwa ndilo maskani ya Calypso, aliyemzuia Odysseus miaka 7 asirudi kwao. Kwa miaka mingi wengi walifuata tao la mwamba lililosimama baharini huko Dwejra. Tarehe 8 Machi 2017 dhoruba ikaliangusha, lisisalie hata nguzo yake.

Kitu kidogo kuliko hivyo vyote kimehifadhiwa katika makumbusho ya akiolojia, ndani ya ngome ya Cittadella. Ni bamba la marumaru. Upande mmoja lina nakshi za Kirumi; upande wa pili limechongwa Kiarabu kwa hati ya Kikufi. Hati hiyo si ngeni kwa watu wa pwani yetu: ndiyo iliyomo katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, kwa tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107.

Bamba la Gozo ni jiwe la kaburi la Maimuna binti Hassan, aliyefariki siku ya Alkhamisi, 16 Shaabani 569, sawa na 21 Machi 1174. Baada ya jina lake na tarehe zafuata beti. Msemaji ni marehemu mwenyewe, akimzungumzia mpitaji habari za mauti na ufufuo.

Wakati huo Waislamu wa Gozo hawakuwa tena watawala. Roger, mtawala Mnormani wa Sisilia, aliviteka visiwa hivyo mwaka 1091. Lakini miaka 83 baadaye bado alikuwapo aliyejua kulilia kwa vina. Mwaka 1551 msiba ukaja kutoka upande mwingine. Jeshi la majini la Uthmaniya, likiongozwa na Sinan Pasha na Turgut Reis, liliizingira Cittadella, likawachukua utumwani karibu wakaazi wote wa kisiwa.

Hata hivyo, lugha haikutekwa. Kimalta, kinachozungumzwa Gozo hadi leo, kilitokana na Kiarabu, ingawa huandikwa kwa herufi za Kilatini na wasemaji wake wengi ni Wakristo. Mswahili akisikia mtu wa huko akihesabu sitta, sebgħa, disgħa, hatahitaji mkalimani. Na Ramla, jina la ule ufukwe, maana yake ni mchanga. Ni ndugu wa ramli, uaguzi uliochorwa mchangani.

Tao la Dwejra limekwisha, na wanaokwenda kulitafuta hukuta maji matupu. Maimuna angali anasema. Anayemfikia hupungukiwa na jambo moja tu, kusimama kidogo na kumsikiliza.