Sharti la Rangi katika Hati za Ardhi

Huku Musoma na Bunda watu wengi hutuletea sisi waalimu hati zao za viwanja ili tuwasomee masharti yaliyomo: kujenga kwa muda uliowekwa, kulipa kodi, kutotumia kiwanja kwa kazi nyingine. Neno sharti lina uzito wake. Mwenye hati amejifunga kwalo, na anunuaye baadaye hupokea ardhi pamoja na kifungo chake. Hapa twataka kueleza sharti la namna nyingine, lile la rangi ya mtu, na jinsi lilivyoondolewa. Kwa maana wako wadhanio kwamba yatosha kulifuta.

Katika Kenya, Sheria ya Ardhi ya Mfalme ya mwaka 1915, kifungu cha 36, ilihesabu kwamba kila Mzungu aliyekodishwa shamba chini ya sehemu ile ya sheria ameahidi kutomweka asiye Mzungu kuwa msimamizi, wala kumwacha akae shambani kama mwenye mamlaka, pasipo idhini ya Gavana na Baraza lake. Msomaji na aangalie: ahadi hiyo haikuhitaji kuandikwa katika hati. Ilikuwamo hata kama jicho halikuiona. Basi Mkuria wa Tarime aliyevuka mpaka kutafuta kazi angeweza kuchunga ng'ombe wa shamba lile mpaka uzee wake, lakini kuwekwa kulisimamia kulihitaji ruhusa ya Gavana.

Mombasa jambo lilinenwa waziwazi. Kamishna wa Ardhi alitangaza mnada wa viwanja ambao Wazungu peke yao wangeweza kununua, tena kwa sharti kwamba nyumba isikaliwe na Mwasia wala Mwafrika, isipokuwa mtumishi wa nyumbani. Mhindi mmoja, Abdulhusein Kaderbhai, alishtaki. Shauri likafika London mbele ya Baraza la Rufani la Mfalme, nalo mwaka 1931 likaamua kwamba Kamishna alikuwa na haki ya kuweka masharti yale. Waliotetea utengano mara nyingi walitaja afya ya mji. Lakini kama mpishi aweza kulala uani na kuandaa chakula cha bwana wake, twauliza, ugonjwa uliogopwa kwa nani?

Tanganyika ilikwenda njia nyingine. Hati ya Udhamini ya Shirikisho la Mataifa, ya mwaka 1922, ilisema katika kifungu cha 6 kwamba ardhi ya wenyeji isihamishwe kwa asiye mwenyeji bila idhini ya serikali. Hapa neno la kabila lilikuwa ngao, na kule Kenya lilikuwa ua. Hata hivyo miji yetu iligawanywa. Dar es Salaam, tangu amri za Wadachi na baadaye chini ya Waingereza, palikuwa na eneo la majengo ya Kizungu, eneo la biashara, na eneo la wenyeji. Chini ya Waingereza kanuni ilitaja namna ya nyumba, haikutaja rangi ya mkaaji. Na asiyeweza kujenga kwa kipimo kile alijitenga mwenyewe kwa umaskini wake. Ndipo tukapata maneno Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, ambayo hakuna sheria iliyoyatunga.

Kuondolewa kwake kulikuwaje? Kenya ilivunja kizuizi cha Nyanda za Juu kwa sheria mwaka 1960. Marekani mahakama kuu ilikataza mahakama zote kutekeleza masharti ya namna hii mwaka 1948, na sheria ya 1968 ikakataza ubaguzi wa nyumba wenyewe; lakini maneno yakabaki vitabuni. Jimbo la Minnesota, tangu 2019, humruhusu mwenye nyumba kuandikisha hati mpya ya kulikana sharti, na ile ya kale haiguswi. Njia hii twaipenda kuliko kukwangua wino. Wataalamu wa chuo kikuu cha huko, walioanza kazi mwaka 2016, waliweza kuchora ramani ya nyumba zilizofungwa kwa sababu maneno yalikuwa yangalipo.

Kwetu shida ni kubwa zaidi. Mwalimu Nyerere wa Butiama aliandika Mali ya Taifa mwaka 1958, akipinga ardhi kuwa mali ya mtu binafsi milele, na mwaka 1963 sheria ikageuza milki za milele kuwa za kukodi. Sheria ya Ardhi ya 1999 huuliza uraia, haiulizi rangi. Lakini utengano uliofichwa katika kipimo cha saruji na bati haukuacha sentensi ambayo mtu angeweza kuikana.

Kwa hiyo twawaomba wasomaji, hasa mapadre na wachungaji wenye makabati ya kale, wasichome hati yo yote ya kiwanja ya kabla ya 1961. Na wanakili masharti ya ujenzi yaliyomo, wataje mji na mtaa, pamoja na jina ambalo wazee waliuita mtaa ule.