Imani Katika Maamuzi ya Kila Siku: Urithi wa Sharika za Kilimanjaro

Historia ya usharika huhesabiwa kwa kawaida kwa majengo, wachungaji na idadi ya waliobatizwa. Iko historia nyingine isiyoandikwa katika vitabu vya usharika, nayo ni ya maamuzi ambayo Wakristo waliyafanya nyumbani, shambani na sokoni.

Martin Luther aliijua historia hiyo. Mwaka 1528 alishiriki katika ukaguzi wa sharika za Saxony huko Ujerumani, akakuta wengi waliobatizwa ambao hawakujua hata Amri Kumi wala Sala ya Bwana. Mwaka 1529 alitoa Katekisimo Ndogo ili wakuu wa nyumba wazifundishe jamaa zao. Ndani yake aliweka sala ya asubuhi, na mara baada ya sala hiyo alimwelekeza Mkristo aende kazini mwake kwa furaha. Kwa Luther, mama jikoni na mkulima shambani humtumikia Mungu sawasawa na mchungaji madhabahuni, kila mmoja katika wito wake.

Mafundisho hayo yalifika Kilimanjaro pamoja na wamisionari wa Leipzig, waliofungua kituo chao cha kwanza Machame mwaka 1893. Bruno Gutmann, aliyefika mwaka 1902 na kutumika miaka mingi Old Moshi, alitambua kwamba Mchagga hakuamua mambo peke yake. Alikuwa mtu wa ukoo, wa majirani na wa rika. Kwa hiyo Gutmann alitaka usharika ujengwe juu ya vifungo hivyo, na vijana wa kipaimara waliunganishwa katika vikundi vidogo ili kila mmoja awe mlinzi wa mwenzake.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mafundisho hayo yalijaribiwa. Mwaka 1920 serikali ya Kiingereza iliwaondoa wamisionari wa Kijerumani, na wakati huo hapakuwa na mchungaji Mchagga hata mmoja aliyebarikiwa. Ingawa baadaye msaada ulitoka kwa Kanisa la Augustana la Marekani, mzigo wa kila siku ulibaki kwa walimu na wazee wa kanisa. Ndio walioongoza ibada, waliofundisha watoto, waliozika wafu na kupatanisha wagombanao. Mtu aliyesogeza mpaka wa kihamba cha jirani yake, au aliyelishika jani la isale kuomba msamaha, hakuwa na mmisionari wa kumwuliza. Sharika hazikufa. Waumini waliokuwa wamezoea kusali na kuonyana walikuwa na mahali pa kushika mwongozaji alipoondoka.

Kisha ikaja kahawa. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, KNPA, na mwaka 1933 ukafuata Ushirika wa KNCU. Gutmann aliogopa kwamba fedha na maisha ya mjini vitavunja vifungo vya ukoo na ujirani. Wakristo wengi wa Kilimanjaro hawakukubaliana naye. Walipanda kahawa na kudai shule, na fedha ya kahawa ililipa karo na kujenga makanisa. Hata hivyo hofu yake haikuwa ya bure, kwa maana kahawa ilileta maswali mapya. Je, kahawa mbovu ichanganywe na nzuri kabla ya kufika kwenye mizani? Je, binti apelekwe shule kama kaka yake? Je, fedha ya msimu iishie kwenye mbege kabla deni halijalipwa? Maswali hayo hayakujibiwa kwa kuukataa ulimwengu wala kwa kuufuata tu, bali kwa Mkristo kukumbuka ni nani amemwita.

Kutoka kizazi hicho cha walimu alitokea Stefano Moshi, aliyefundisha shule kabla ya kuwa mchungaji. Alikuwa askofu mwaka 1960, na makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana tarehe 19 Juni 1963 na kuwa Kanisa linaloitwa leo KKKT, yeye ndiye aliyekuwa mkuu wake wa kwanza.

Leo vihamba vimegawanywa hadi vikawa vipande vidogo, na mkopo hupatikana kwa simu usiku wa manane bila jirani kujua. Hatari ya sasa ni kuamua peke yako na kumleta Mungu siku ya Jumapili, jambo likiwa limekwisha. Mtume Paulo aliwafundisha Wakolosai kufanya kila neno na kila tendo katika jina la Bwana Yesu (Kol. 3:17). Wazee wa mwaka 1920 walionyesha namna ya kulitii neno hilo: kusali kabla ya kazi, kumsikiliza ndugu anayeonya, na kurudisha kisicho chako. Usharika unaotimiza miaka mia una haki ya kushukuru kwa urithi huo. Nao utaulinda kwa namna ile ile ulivyopatikana, siku moja baada ya nyingine.