Mto Coppermine: Shaba Iliyowavuta Waingereza Hadi Aktiki

Wachipewyan, watu wa asili wa kaskazini mwa Kanada, waliofika kufanya biashara katika ngome ya Kampuni ya Hudson's Bay, huko Churchill, walikuja na vipande vya shaba na habari za mto ulio mbali kaskazini. Kampuni ikanusa faida, ikamtuma mtumishi wake, Samuel Hearne, akautafute.

Safari zake mbili za kwanza, za 1769 na 1770, zilivunjika njiani. Ya tatu, iliyoanza Desemba 1770, iliongozwa na Matonabbee, kiongozi wa Wachipewyan. Huyu alimwambia Hearne waziwazi kwamba alikwama kwa kukosa wanawake: nani angevuta mizigo, kushona nguo na kutengeneza ngozi? Vitabu humwita Hearne mvumbuzi. Mimi namwona abiria.

Mto huanzia katika ziwa Lac de Gras, hupita nyika za tundra kwa takriban kilomita 845, kisha humwaga maji yake katika Ghuba ya Coronation. Karibu na bahari kuna maporomoko ambako Wainuit wamevua samaki tangu kale. Hapo, Julai 1771, wenzake Hearne waliwavamia Wainuit waliokuwa wamelala wakaua watu wapatao 20. Kitabu chake kilitoka 1795, yeye akiwa ameshafariki, na wapo watafiti wanaoamini kuwa simulizi ya mauaji hayo ilitiwa chumvi. Hata hivyo maporomoko yanaitwa Bloody Falls, yaani Maporomoko ya Damu, hadi leo.

Na shaba yenyewe? Bonge moja la maana, lisilozidi sana kilo mbili. Isitoshe, Hearne aliuweka mdomo wa mto digrii nne hivi kaskazini kupita ulipo. Nusu karne baadaye, 1821, mwanamaji Mwingereza John Franklin aliteremka mto huohuo. Wakati wa kurudi, njaa na mauaji vilimaliza watu 11 kati ya 20 wa msafara wake. Walionusurika waliokolewa na watu wa Akaitcho, kiongozi wa Wayellowknives.

Utajiri ulikuwa kule juu, kwenye chanzo. Mgodi wa almasi wa Ekati ulifunguliwa 1998 karibu na Lac de Gras, na wa Diavik ukafuata 2003, kisiwani ndani ya ziwa lenyewe. Lakini tangu 1999 mpaka wa Nunavut umeukata mto: migodi imebaki Northwest Territories, huku Wainuit wa Kugluktuk, kijiji cha mdomoni, wakiwa upande wa pili, wakipokea maji yanayotoka huko.