Goma: keki ya ndizi na karoti, urithi usioandikwa

Kwa baadhi ya familia za Goma, Kivu Kaskazini, keki haingojei tanuri ya umeme. Ndizi mbivu zinapondwa, karoti zinakwaruzwa, vinachanganywa na unga wa ngano, mayai, sukari na mafuta. Kikaango kinatiwa juu ya babula yenye makala machache, kinafunikwa, na makala mengine yanawekwa juu ya kifuniko.

Ndani ya kikaango hicho kuna historia. Ndizi, yenye asili ya Asia, ililimwa hapa zamani kabla ya ukoloni. Karoti na ngano zilikuja milimani Kivu pamoja na wamisionari na walowezi, wakati wa Wabelgiji.

Lakini vipimo haviandikwi: binti anajifunza kwa kumtazama mama. Tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilipolipuka na lava kuunguza sehemu ya mji, watu wengi walikimbilia Gisenyi, Rwanda. Vyombo vilibaki nyuma. Vipimo vilivuka mpaka vichwani mwa wamama.

Bibi akifariki kabla ya kuulizwa, keki yake inaondoka naye. Kuiokoa, ukurasa mmoja wa daftari unatosha.