Ushirika wa Rungwe, tangu 1891

Kanisa la Moravian Rungwe ni kongwe kuliko mji wa Tukuyu. Wajerumani walipolihamisha boma lao kutoka Lumbila, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na kulijenga huku juu wakapaita Neu Langenburg, misheni ilikuwa imekwisha kuota mizizi chini ya Mlima Rungwe. Anayesema kanisa limeukuta mji hapa amegeuza tarehe.

Wamisionari wanne walifika mwaka 1891: Theodor Meyer, Theophil Richard, Georg Martin na Johannes Häfner. Walipitia Zambezi na Shire, wakavuka ziwa hadi Karonga, kisha wakaipanda milima ya Unyakyusa. Martin hakuiona kazi ikisimama. Alifariki Septemba ya mwaka huohuo, huko Kararamuka. Waliobaki wakaendelea na safari, wakajenga Rungwe. Wamisionari wa Berlin, chini ya Alexander Merensky, waliingia nchi hii mwaka uleule, na pande mbili zikagawana maeneo ili zisigombanie watu. Mgawanyo huo ndio chanzo cha Walutheri wa Dayosisi ya Konde kuwa majirani wa Wamoravian hadi leo.

Kisha miaka ikapita bila mtu kubatizwa. Wanyakyusa walikuwa na machifu wao, malafyale, na maombi yao kwa Kyala, Mungu wao. Hawakuona sababu ya kuyaacha haraka. Wageni walijifunza Kinyakyusa, wakalima, wakajenga, wakangoja. Mwaka 1897 ndipo mwanamke aliyeitwa Fiabarema alipobatizwa, akapewa jina Numwagile, yaani nimempata. Huyo ndiye mwanzo halisi wa ushirika huu. Misheni ni majengo na wageni wenye nia. Ushirika huanza pale mtu wa nchi anaposema ndiyo kwa kinywa chake mwenyewe. Naona jina lake lingestahili kutajwa kabla ya lile la Meyer kila tunaposimulia habari za Rungwe, na mara nyingi hatufanyi hivyo.

Wanawake walikuwa na sababu zao za kuja. Biashara ya utumwa ilikuwa bado inawatesa watu wa nyanda hizi, na vituo vya Wamoravian vikawa kimbilio la waliotoroka au kukombolewa. Mmisionari Elise Kootz-Kretschmer aliandika maisha ya baadhi yao, akina Narwimba na Chisi, na kwa kazi hiyo tunawasikia wanawake ambao vinginevyo wangesahauliwa kabisa.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 1916. Majeshi ya Waingereza yalipoingia kutoka Nyasaland na Rhodesia, wamisionari wa Kijerumani walikamatwa na kuondolewa. Wascoti wa misheni ya Livingstonia walisaidia kusimamia, lakini walikuwa wachache na mbali. Waliosoma Neno Jumapili, waliozika wafu, waliofundisha watoto herufi na kuwapatanisha waliogombana walikuwa walimu na wazee wa hapa. Wajerumani waliporudi katikati ya miaka ya 1920 walilikuta kanisa hai. Mwaka 1939 vita vikawaondoa tena, na kazi ikabaki mikononi mwa wenyeji kwa mara ya pili. Wakati huo kiganja kilikuwa kimeshazoea jembe.

Rungwe ndiyo iliyolizaa Jimbo la Kusini, na Jimbo la Kusini likazaa Kusini Magharibi lenye makao Mbeya. Leo zaidi ya nusu ya Wamoravian wote duniani wako Tanzania. Chimbuko la kanisa lao ni wafuasi wa Jan Hus huko Bohemia na wakimbizi wa Herrnhut.

Kutoka Herrnhut, Rungwe ilirithi ibada ya Pasaka ya alfajiri. Waumini hukusanyika kabla ya jua, mara nyingi mvuani, maana Tukuyu haina haya na mvua, wakaenda makaburini na tarumbeta kukiri ufufuo mbele ya wazazi wao waliolala. Watoto hujua ni kaburi la nani kabla ya kujua kusoma.

Jumapili nyingine mambo ni ya kawaida na ya lazima. Ibada ikiisha huwa mnada: mkungu wa ndizi, debe la viazi, jogoo aliyefungwa miguu. Asiye na fedha taslimu ameleta alicholima, na aliye na mshahara hukinunua, wakati mwingine kwa bei kubwa kuliko sokoni, kisha humpa mchungaji au mjane. Kwaya hufanya mazoezi siku za wiki. Akina mama hupangana zamu za kuwaona wagonjwa. Msiba ukitokea, wazee wa kanisa hujua kabla ya tangazo.

Bado wapo bibi na babu waliowasikia wazazi wao wakisimulia miaka ya 1916 hadi 1925. Vijana wa kwaya wana simu zenye kinasa sauti. Waketi nao msimu huu, waulize majina ya wale walimu na wazee, kijiji kwa kijiji, na wayaandike kwenye daftari la ushirika.